Uzi wa Akiba

Nichekeni tu, maana hata mke wangu bado ananicheka.

Mimi ndiye mpiga gitaa la solo wa bendi yetu hapa Mtwara. Juzi kiongozi wetu, Bwana Hashimu, alinunua gitaa jipya la umeme kwa baharia wa meli ya korosho, akanipa nikalizoee nyumbani Shangani. "Hili si la kawaida, kaka," akasema.

Kweli. Vidole vilipotea njia. Nikitaka uzi wa tano nabana wa sita. Nikahesabu: nyuzi saba, badala ya sita za kawaida! Nikahesabu kuanzia chini, saba vilevile. Nikachanganyikiwa. Sisi huku uzi ukikatika tunaunga, ukigoma tunafunga waya wa breki ya baiskeli. Basi nikaona nimeelewa: waliolitengeneza wametuonea huruma, wametutundikia na wa akiba. Nikaufungua ule mnene, nikautia mfukoni, nikawa bingwa tena.

Jumamosi mchana ukumbi ulifurika. Spika yetu ikalegea kwenye nguzo, nami nikaifunga kwa ule uzi wangu wa akiba. Hashimu akashika maikrofoni: "Jamani, gitaa la nyuzi saba! Huku kusini halijawahi kuonekana! Hesabuni wenyewe!" Akaninyanyua mkono, gitaa likawa juu.

Ukumbi mzima ukahesabu kwa sauti, ukafika sita, ukakwama. Hashimu akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Mama mmoja wa mstari wa mbele akanyoosha kidole juu ya kichwa changu.

"Wa saba si ule pale, umefunga spika?"