Kwenda Igunga Kuuliza Jina la Upepo

Niliondoka Tabora kwa sababu ya swali ambalo mimi, mwalimu wa jiografia, sikupaswa kushindwa kulijibu.

Ilikuwa Alhamisi jioni, nyumbani kwetu Cheyo. Mgeni wangu Nalani, mwalimu kutoka visiwa vya Hawaii, alikuwa amekuja kuiona njia ya zamani ya misafara, ile waliyopita wapagazi wa Kinyamwezi wakienda na kurudi pwani. Kiswahili alikisoma Dar es Salaam mwaka mzima, na alikizungumza kwa uangalifu kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Tulikuwa barazani na Baba. Upepo ukapita, ukaangusha kikombe cha plastiki.

"Huyu anaitwa nani?" Nalani akauliza.

"Nani?"

"Huyu upepo."

"Upepo," nikajibu.

Akaendelea kunitazama, akidhani nimesahau nusu ya jibu. Kisha akatueleza kwamba kwao kila bonde lina upepo wake, na kila upepo una jina. Waiʻanae, alikozaliwa yeye, kuna Kaiāulu, upepo mpole wa kutuliza joto. Kohala kuna ʻĀpaʻapaʻa, ambao si mpole hata kidogo. Bibi yake aliweza kuziimba pepo za kisiwa kizima mfululizo, bila kukosea zamu ya hata mmoja.

"Hata sisi tuna kaskazi na kusi," nikajitetea.

"Hizo za watu wa pwani," akasema Baba. "Majina ya huku anayajua Nkwimba." Alipolitamka jina hilo, akainuka kwenda kutazama kuku ambao walikuwa wamekwisha kulala.

Nkwimba ni shangazi yangu, mdogo wake Baba, mkulima wa mpunga huko Igunga. Walikuwa hawajazungumza kwa miaka miwili. Msimu ule Baba, mstaafu wa reli, alikwenda kumsaidia kupeta mpunga. Shangazi alimwambia asubiri. Baba akasema upepo umetulia, akamwaga magunia mawili kwa mpigo. Chamchela ikaja ikizunguka na vumbi lake, ikausomba mpunga hadi bandani kwa mbuzi. Shangazi akasema mbele ya majirani, "Mtu wa reli hajui upepo, anajua filimbi." Baba alipanda basi siku ileile.

"Nendeni mkamwulize," alisema aliporudi barazani. "Ila msiseme nimewatuma."

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, tulikuwa stendi. Baba alitusindikiza, akakagua tairi za basi kama vile yeye ndiye atakayeliendesha. Nje ya mji jua lilitukuta kati ya mashamba ya tumbaku yaliyokwisha kuvunwa na baiskeli zilizobeba magunia ya mkaa.

Kabla ya kufika Nzega, Nalani alinifundisha maneno ya kwao. Lima ni mkono, na pia ni tano. Kula ni uwanda, nchi tambarare. Upepo ni makani.

"Makani?" nikacheka. "Kwetu makani ni ubishi. Mtu mwenye makani hakubali kushindwa."

Mama mmoja aliyeketi mbele yetu akageuka. "Mwanangu, huko kwenu upepo ndio makani? Basi mume wangu ni kimbunga." Kuanzia hapo basi zima lilijua tunachokwenda kuuliza, na kila mtu alikuwa na maoni. Utingo alisisitiza kwamba Kisukuma upepo ni muyaga, na ukishasema muyaga umemaliza, mengine ni kupoteza muda.

Nzega tulishuka, tukanywa chai na maandazi, tukapata basi jingine la kwenda Igunga. Saa tano kasoro, bodaboda mbili zilitufikisha kwa Shangazi. Alikuwa uani, ametandika turubai, na pembeni yake magunia ya mpunga yamesimama.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Na huyu?"

Nikamtambulisha. Nalani akasema "shikamoo" yake kwa kupiga goti kabisa, na Shangazi akafurahi hivi kwamba palepale akambatiza Nyalani, apate jina linaloeleweka. Nikamweleza kwamba tunatafuta majina ya pepo za huku. Akafuta mikono kwenye kanga.

"Upepo wa saa hizi? Muulize baba yako. Yeye ndiye anayejidai kuujua."

"Amesema tukuulize wewe."

"Kwa hiyo amewatuma."

Nikajifanya kuhesabu magunia. Siri ya Baba nilikuwa nimeitunza hadi hapo tu.

"Mpigie," akasema. "Weka sauti kubwa. Usimwambie nipo."

Baba alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha. Nikamuuliza jina la upepo wa Igunga wa saa hizi.

"Unaitwa Karani," akasema. "Unafika saa tano, unapekua makaratasi, unaondoka bila kufanya kazi."

"Karani gani!" Shangazi akafoka. "Ni Mkwe! Unabisha hodi kwanza, na lazima umpokee kwa adabu!"

Nalani, aliyekuwa akiandika majina hayo, akaacha kuandika.

"Nkwimba?" sauti ya Baba ikatoka ndogo.

"Unafikiri nani mwingine angejisumbua kukurekebisha?"

Kisha Baba akauliza, "Mpunga umeshapetwa?"

"Bado. Nimeletewa walimu wawili, sijui kama wanajua kushika ungo."

"Upepo ukoje?"

"Ndio unaanza."

"Sogeza simu niusikie."

Nikaiinua simu juu kama mtu anayetafuta mtandao. Shangazi akapanda kigoda na ungo uliojaa. Sisi wawili tukashika pembe za turubai, mimi kwa mkono mmoja.

"Bado," akasema Baba kutoka Cheyo. "Bado... sasa, mwaga!"

Shangazi akamwaga, si kwa sababu ameambiwa, alivyotueleza baadaye, bali kwa sababu na yeye alikuwa amefikia hapo. Mapepe, yale makapi mepesi, yakaruka upande, mpunga mzito ukashuka chini. Ungo wa pili, wa tatu, wa kumi. Turubai ikaanza kujaa.

Ghafla mabua makavu ya mahindi nyuma ya nyumba yakaanza kugongana, hadi Baba akayasikia simuni.

"Funikeni!" Baba akapiga kelele. "Nkwimba, hiyo chamchela! Funika!"

Shangazi aliruka kutoka kigodani kama binti. Tukaikunja turubai juu ya mpunga, tukajilaza juu yake wote watatu, macho tumefumba, vumbi likituchapa masikioni. Ikapita. Ilichukua kofia ya Nalani na ndoo tupu. Hakuna punje iliyopotea.

"Imechukua nini?" Baba akauliza, huku akihema kama aliyekuwa akikimbia.

"Kofia ya mgeni." Shangazi aliketi pale juu ya mpunga wake, uso mweupe kwa vumbi. "Sasa umejifunza, kaka."

"Nilijifunza siku ileile," akasema Baba. "Sikuwa na pa kuanzia kukuambia."

Shangazi akaichukua simu mkononi mwangu, akazima ile sauti kubwa, akaenda nayo nyuma ya nyumba. Salio langu liliisha kabla ya maneno yao. Akamtuma jirani kununua vocha.

Jumamosi tulirudi na kiroba cha mchele mpya. Nalani alikuwa ameandika majina yote mawili, Karani na Mkwe, na chini yake akaandika kwamba watoa habari wawili hawajaafikiana. Njiani alinieleza kwamba kwao pia wazee hubishana hivyo. Nilichojifunza mimi ni kidogo, lakini nimekishika: jina la upepo haliokotwi na mpita njia. Linatoka kwa watu walioungoja mahali pamoja, mwaka hadi mwaka, wakiwa na kitu cha kupoteza.

Tulipofika Cheyo saa tisa alasiri, nilimkabidhi Baba kiroba. Hakukifungua. Alikuwa amevaa shati la safari na viatu vilivyong'arishwa, na begi lake lilikuwa mlangoni.

"Mchele mtakula nyinyi," akasema. "Nkwimba amebakiza magunia sita ya kupeta."