Aliyelipwa Asishinde

Wazazi wetu walipofariki niliacha shule, nikawalea wadogo zangu kwa kuuza karanga na kutwangia watu mahindi. Anayenifuata alipata kazi kwenye klabu ya Wazungu hapa Tabora: kucheza tenisi kwa mshahara. Bwana aliyekosa mwenzake alicheza na ndugu yangu, naye alitakiwa kumpa mipira inayopigika, kisha ashindwe kwa adabu. Jioni tukila ugali alituigizia kila bwana anavyotembea na anavyonuna, mpaka wadogo wanapaliwa. Baadaye aliwafundisha mchezo makarani wa reli, na aliwafundisha vizuri. Sijaona mtu anayemtazama mwenzake kwa makini kama yeye.

Kisha goti likamharibikia. Mwalimu asiyeweza kukimbia hakuwa na kazi pale. Bahati wakaja watu wa redio kutoka Dar es Salaam, wanatafuta mtangazaji wa michezo. Siku ya fainali ya klabu wakamweka mbele ya maikrofoni, na spika wakaielekeza nje ya ua wa minyaa, tulikosimama sisi tusioruhusiwa kuingia. Akituvutia sisi, kazi ni yake.

Alianza vibaya, kwa sauti ya kanisani.

"Mchezaji wa kwanza ameupiga mpira. Mchezaji wa pili ameurudisha."

"Huyu anasoma tanzia?" akauliza mama mmoja, akajitwika kikapu chake.

Watu wakaanza kuondoka. Nikasogea kwenye ua nikamwita. "Mdogo wangu, sema kama unavyosema nyumbani."

Akaanza upya, kwa sauti ya nyumbani. "Bwana mrefu anavuta soksi. Akivuta soksi, ataupeleka kushoto."

"Kushoto kweli," akasema kijana aliyekuwa akichungulia.

"Sasa amenuna. Atatumia nguvu, mpira utakwama wavuni."

Ukakwama. Waliokwisha kuondoka wakarudi, na yule mama akatua kikapu.

Bwana mrefu alikijua Kiswahili. Aliacha kuvuta soksi, akashindwa vilevile. Mchezo ulipokwisha akamwendea ndugu yangu, na maikrofoni ilikuwa bado wazi. Nikajua kazi imekwenda.

"Miaka yote ulijua nitapiga wapi?"

"Ndiyo, bwana."

"Mbona hukunishinda?"

"Nililipwa nisikushinde, bwana."

Kisha tukamsikia bwana mrefu akicheka, na mtu wa redio akiuliza, "Una sanduku? Treni yetu ni kesho."

Nikajibu mimi kutoka nje ya ua, "Analo."

Hakuwa nalo. Nikashika njia ya mtaa wa Ng'ambo kwenda kuliazima.