Mia Iliyosoma Sitini na Sita

Mzee arap Siele hakuingia darasani hata siku moja, lakini namba alizijua. Alifundishwa na mizani ya kituo cha majani chai. Na kwa kuwa hakuiamini, alitembea na jiwe lake la kilo mbili mfukoni. Koti lilivutwa upande mmoja miaka ishirini, naye akalivaa hivyo hivyo mpaka kanisani.

Nyakundi, karani wa kituo, kila alipomwona anateremka aliita, "Mzee, jiwe limeamkaje leo?"

Lilikuwa limeamka vizuri. Mizani haikukosea hata mara moja. Mzee hakuchoka kupima.

Mwaka huo wa 1999 mke wake, Rebeccah, alikuwa anatimiza mwaka kaburini. Jumamosi kungekuwa na ibada ya kumkumbuka. Chepngetich, binti yao, mwalimu huko Kapkatet, alikuwa anatengeneza kijitabu cha ibada kwa laptop yake kuukuu. Picha ya mama ilibaki moja, ile iliyo ndani ya mashine. Ya karatasi mzee aliiosha. Ilikuwa mfukoni mwa shati, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza maishani kufua shati.

Picha ya mashine nayo ilikuwa na ukaidi wake. Ilifunguka kutoka juu: kitambaa cha kichwa, paji la uso, nyusi. Hapo ikakwama. Kila jioni, nyusi.

Wakaambiwa mashine inataka memori zaidi. Mzee akaenda Kericho, dukani kwa Gathoni, akarudi na kijibao chembamba kilichoandikwa 100. Kikatiwa kando ya kile cha zamani.

"Nionyeshe mizani yake," akamwambia binti.

Chepngetich akabonyeza hapa na pale. Kwenye kioo kukatokea 66.

"Nimeibiwa thelathini na nne."

"Baba, hata picha hatujajaribu."

Koti lilikuwa limeshavaliwa.

Gathoni alimwona akiingia na laptop kwapani, ameinama upande mmoja kama gari lililobeba vibaya. Mzee akatoa jiwe, akaliweka juu ya kaunta.

"Hii ni ya nini, mzee wangu?"

"Ya kupima. Chukua memori yako. Imeandikwa mia, inatoa sitini na sita."

Gathoni alicheka mpaka akashika kaunta. Kisha akafungua tumbo la mashine, akachomoa kijibao cha zamani, akakiweka mbele ya mzee.

"Soma hapa."

"Sitini na sita."

"Haya. Yako ni mia kweli, na hiyo namba ni mwendo, si uzito. Lakini hizi mbili zinafanya kazi pamoja. Mpya haiwezi kumwacha mwenzake nyuma, kwa hivyo inaenda mwendo wa ile ya zamani. Hakuna mtu amekuibia, mzee. Inangoja tu."

Arap Siele aliviangalia vile vijibao viwili. Alikuwa amekumbuka kitu.

Yeye na Rebeccah walichuma chai bega kwa bega, mstari kwa mstari, na kila siku walifika mwisho pamoja. Aliwahi kujisifu kwa wazee kwamba yeye ndiye aliyemfundisha mke wake mwendo. Halafu mzee akaugua, akalazwa wiki mbili. Aliporudi, Nyakundi akamwambia, "Mzee, ulipokuwa hospitali mama alikuwa analeta karibu mara mbili ya yale alikuwa analeta mkiwa pamoja." Na yeye alifanya nini? Aliteremka na jiwe, akapima mizani mbele ya watu. Ikasoma kilo mbili kamili. Akasema labda ilitengenezwa jana. Rebeccah alikuwa amesimama pale na kikapu mgongoni, anaangalia chini, midomo ameibana isicheke.

"Naweza kuitoa hii ya zamani," Gathoni akasema. "Mpya itakimbia mia yake. Lakini peke yake ni ndogo kwa hiyo picha. Itakwama tena. Ama nikurudishie pesa?"

"Rudisha hiyo ya zamani ndani."

"Sasa mzee, na thelathini na nne yako?"

"Wacha. Ile ya zamani naijua. Ni mtu wa kwetu."

Jiwe alilisahau kwenye kaunta. Gathoni alimwita akiwa mlangoni; akapunga mkono bila kugeuka. Koti lilibaki limeinama vilevile.

Jioni hiyo Kapkatet, Chepngetich akafungua picha. Kitambaa. Paji la uso. Nyusi.

Wakakaa.

"Baba, inaenda polepole sana."

"Mngoje," mzee akasema. "Yeye alingoja mwendo mbaya kuliko huo."

Mashine ikaguna. Macho yakashuka, kisha pua. Midomo ikaja mwisho, imebanwa.