Kanda Iliyokatika Bingwa Akirusha Chumvi

Picha walimpiga nzuri, hilo tusiwanyime. Kikue Hamajima kaketi wima, nywele zimelala sawasawa, na chini yake herufi nene: “Mashine ya kanda ndogo ni nzuri mno. Picha yake utadhani unachungulia dirishani.” Basi. Gazeti la akina mama linalosomwa mji wote wa Amagasaki, mpaka kwa wauza tofu, na hamna neno hata moja la lawama. Kikue alilisoma amesimama kwenye ngazi za jengo lao la ghorofa, akalirudia, masikio yakamwaka.

Maana alilalamika, bwana! Gazeti lenyewe ndilo lililomteua kuwa mjumbe wa maoni, mmoja wa wale mama wa nyumbani wanaopewa vitu wavitumie, kisha waitwe kikaoni waseme ukweli. Mwaka ule kampuni mbili za mashine za kurekodi televisheni zilikuwa zinagombania sebule za watu, moja na kanda ndogo, nyingine na kanda kubwa, na ya huyu haiingii kwa yule. Kikue alikaa na ya kanda ndogo mwezi mzima. Picha safi, kweli. Lakini kanda inarekodi saa moja tu, halafu tak, imekwisha. Mechi gani ya besiboli inamalizika kwa saa moja? Hayo aliyasema mbele ya wanaume sita, na ana hakika aliyasema.

Gazeti peke yake angelivumilia. Hakuweza kumvumilia Sadae akimpita kimya. Sadae Togashi wa mlango wa pili, jirani wa miaka kumi na tisa, alikuwa ametoa pesa za kustaafu za mumewe akanunua mashine ileile, kwa kuwa mjumbe mzima anaishi ngazi moja naye. Mumewe, Genzo, husafishwa damu hospitali Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Wanatoka saa kumi na nusu alasiri, wakati mieleka ya sumo iko kwenye televisheni. Sadae anabonyeza kurekodi, wanaondoka. Wakirudi, mzee anakaa chini na uchovu wake wote, anatazama vijana wadogo wakisukumana, na pale bingwa mkuu anapoingia ulingoni na kurusha chumvi kabla ya pambano, kanda inakatika. Mieleka yenyewe haioni. Sadae alilimeza hilo. Ila gazeti lilipotoka, na Kikue humo anasifu tu, aliacha kumsalimia.

Kikue akaenda kwenye simu ya duka la mchele, akapiga gazetini. Kesho yake akapiga tena. Siku ya nne mwandishi, Bwana Nishiwaki, akaja mwenyewe na boksi la keki na kinasa sauti. “Mama, kikao chote kimo humu,” alisema. Vizuri sana. Kikue akagonga mlango wa pili. “Bi Sadae, njoo usikie kwa masikio yako. Siombi kingine.”

Wakakaa watatu. Kanda ikazunguka. Sauti ya Kikue ikashukuru kwa chai. Ikashukuru kwa mwaliko. Ikaisifu mashine umbo, ikaisifu rangi, ikawapa pole mafundi kwa kazi ngumu. Mtu hawezi kukaribishwa kwa watu akaanza na kasoro, hata mtoto wa chekechea analijua hilo. Ikasifu, ikasifu, Kikue mwenyewe akaanza kujikuna mkono. Mwishoni kabisa, sauti ikiwa chini: “Labda ni ujinga wangu, mashine sizijui, lakini kwangu kanda imekuwa fupi kidogo. Samahanini sana.” Mwanaume mmoja akacheka, kijiko kikagonga kikombe, wakapita.

“Unaona, mama?” Nishiwaki alisema. “Sifa dakika kumi na mbili, lawama sentensi moja. Na hapo umeomba radhi.”

“Rudisha nyuma,” alisema Sadae. Akasikiliza ile sentensi mara mbili. “Huyu alikuwa amekasirika.”

“Amekasirika? Amesema kidogo.”

“Wewe ulilelewa na nani? Mwanamke wa miaka hamsini na minane, mbele ya wanaume sita waliomnywesha chai, anakwambia fupi kidogo, samahanini sana. Ulitaka apindue meza ndiyo ujue? Mama yako akikwambia hivyo kuhusu mkeo, utalala?”

Nishiwaki akainama, akaahidi sahihisho. Lilitoka kweli, mistari miwili chini ya mchoro wa kufuma soksi, na hakuna aliyeliona. Kwenda zao.

Alipoondoka, Kikue alimgeukia Sadae. “Sasa umeamini kwamba nilisema.”

“Wao uliwaambia,” Sadae alijibu akivaa ndara mlangoni. “Mimi nilikuuliza hapa ngazini kabla sijanunua. Nikakuuliza, Bi Kikue, inafaa? Ukaniambia ni nzuri, hongera. Hata hiyo kidogo hukunipa.”

Ni kweli. Kikue alimwona jirani ana furaha, akaona vibaya kumharibia.

Jumatatu, akina Togashi walipotoka kwenda hospitali, aliomba ufunguo. Akakaa kwenye sebule ya watu peke yake mpaka saa kumi na moja na nusu, akatoa kanda iliyojaa, akatia nyingine, akangoja mpaka sumo ikaisha. Jumatano akafanya hivyohivyo, na Ijumaa. Ijumaa aliwakuta ngazini wakirudi, Genzo kamwegemea mkewe, uso umempauka.

“Bi Kikue, asante, juzi nimemwona bingwa akishinda,” alisema mzee. “Mashine nzuri hii, eti?”

Sadae alikuwa anamtazama.

“Mbaya,” alisema Kikue. “Haikuwafaa, na nilijua.”

Akamrudishia Sadae ufunguo, akaingia kwake kuwahi wali jikoni.