Tanbihi Niliyoichomeka Kumfurahisha Msimamizi

Mimi ninayehoji kila kitu sikuihoji ibid., ile alama ya Kilatini inayomrudisha msomaji kwenye chanzo kilichotajwa juu yake. Tanbihi ya kumi ilimtaja Mzee Mushi, muuza vitenge wa Kariakoo. Ya kumi na moja ikasema ibid. Kesho yake nakabidhi tasnifu. Nikataka kumfurahisha msimamizi wangu, nikachomeka kitabu chake katikati ya hizo mbili, nikapiga taipu upya huku naimba.

Siku ya kuitetea tasnifu yangu, mgeni wa Chama akiwa mbele, msimamizi akavaa miwani.

"Kijana, mimi nimesema sukari ya duka la ushirika inaishia kwa wakubwa?"

"Hapana, Mwalimu. Ni Mzee Mushi."

"Tanbihi yako inasema ni mimi."

Mgeni akafungua daftari. "Ndugu Mwalimu, kitabu hicho kinapatikana wapi?"