Kibao Juu ya Kibanda cha Fundi Viatu

Saa moja asubuhi, fundi viatu amesimama juu ya kigoda mbele ya kibanda chake, bisibisi mkononi, macho kwenye kibao cha rangi ya buluu: HAPA MASKINI HUTENGENEZEWA VIATU BURE. Anagusa skrubu ya kwanza, anasita, anashuka. Punde anapanda tena.

"Fundi, unakiabudu au unakishusha?" anamtania jirani yake, muuza matunda.

"Ningejua, ningekwisha kukwambia."

Kwa miaka mingi kazi yake imekuwa na utaratibu mmoja. Viatu vyote, vya mwenye uwezo na vya asiye nao, hukaa kwenye rafu moja. Kila anayechukua vyake huingia nyuma ya pazia la gunia, ambako pana kopo. Mwenye kitu hutia; asiye na kitu husimama kidogo, kisha hutoka. Fundi hageuzi kichwa.

"Sikutaka kujua nani katia na nani hakutia," anaeleza. "Kopo lilinilisha. Siku nyingine lilinilaza na njaa, lakini lilinilisha."

Mambo yaligeuka pale diwani, ambaye pia ni mzee wa kanisa, aliposikia habari hiyo. Jumapili moja alimwita fundi mbele ya waumini, akamsifu, wakapigwa picha. Wiki hiyohiyo diwani akaleta kibao, kikapandishwa.

"Nilisimama pale nikimeremeta kama kiatu kilichopakwa rangi," anasema fundi, na sauti yake inashuka. "Nilikipenda kile kibao. Hapo ndipo kichwa changu kinapovurugika."

Tangu hapo, wasio na kitu wameacha kuja, kwani kuinama mlangoni mwake ni kuutangazia mtaa mzima umaskini wako. Wenye kitu wao hawakukosekana.

"Juzi mtu kashuka kwenye gari lake, kaniletea jozi tatu. Namwonyesha pazia, ananiambia, 'Si mmeandika bure?'"

Kwenye rafu viko viatu vyeusi vya kike vilivyotiwa soli mpya. Ni vya mjane afuaye nguo za watu, anayeitwa Mama Dobi. Hajavifuata, wala kanisani haonekani tena.

Mkewe fundi, aliyemletea chai, hana subira. "Mzee wangu, kishushe. Au unangoja kijishushe chenyewe?"

"Na diwani nitamwambia nini?"

Diwani, alipoulizwa, alijibu kwa upole. "Wema ukifichwa, vijana watajifunza kwa nani? Na kukataa heshima ya ndugu zako nako ni majivuno."

Fundi anakiri kwamba maneno hayo yamemnyima usingizi, kwa kuwa anayaona ni ya kweli. "Nikikiacha, najionyesha. Nikikishusha, watasema, 'Tazameni alivyo mnyenyekevu!' Nako nimejionyesha. Nawe mwandishi, hilo gazeti lako si kibao kingine?"

Anachukua kiatu, anakirudisha, anasahau sindano ilipo ilhali ameishika.

Wakati huo ng'ambo ya barabara anapita Mama Dobi, beseni kichwani, kandambili moja ikiwa imefungwa kwa kamba. Fundi anaruka nje.

"Mama Dobi! Viatu vyako tayari!"

Watu wanageuka. Wanamtazama mama, wanakitazama kibao, wanamtazama mama tena.

"Haya, fundi. Nitapita, nitapita," anajibu mama, akiinamisha uso chini ya beseni na kuongeza mwendo.

Fundi anarudi mbele ya kibanda. "Nimemfanya nini yule mama?" anauliza. Kisha anapanda kigodani. Safari hii skrubu zote zinatoka.

Kibao kinatosha kuwa ubao wa rafu. Anakilaza maandishi yakiwa chini, na juu yake anavipanga viatu vya Mama Dobi pamoja na vya mwenye gari.

Kesho anakusudia kwenda kwa diwani mwenyewe, kabla habari hazijamfikia kwa vinywa vya watu. Atakalosema bado halijui. "Pengine huu ni unyenyekevu, pengine ni woga tu. Mungu ndiye ajuaye."

Na Mama Dobi je?

"Akija, sitamwita kwa sauti tena. Nitamwambia tu, 'Viatu vyako tayari,' kama ninavyomwambia kila mtu. Pazia liko palepale."