Anayegonga Kutoka Chumba cha Eksirei

Saa tatu asubuhi, wagonjwa wamejaa kwenye mabenchi ya nje. Ndani ya ofisi ya kompyuta, mstari mwekundu unatokea kwenye kioo, na mwanamke aliyekaa mbele yake anaacha chai ipoe.

"Huyo hapo," ananong'ona. "Amegonga tena."

Wenzake hospitalini humwita Komeo. Anatunza kompyuta inayoendeshwa na mfumo wa Linux, ambamo mtandao wote wa hospitali hupitia, na fayawoli yake, yaani ukuta unaoamua mawasiliano yapi yaingie na yapi yatoke; kila anayegonga akazuiwa huonekana kwenye kioo kama mstari mwekundu.

"Nafunga milango yote kwanza," anaeleza. "Halafu nafungua ile ninayojua kazi yake. Mara ya kwanza nilifunga hata wangu, nikifanya kazi kutoka nyumbani. Nilikuja mbio na kandambili kujifungulia!"

Leo hacheki. Anayegonga yumo ndani, katika chumba cha eksirei kilichofungwa tangu fundi wake azikwe.

"Dada, mimi huko sifagii," anasema mfanyakazi wa usafi. "Yule mzee bado yuko zamu."

Komeo anachukua ufunguo, anaomba kimoyomoyo, anaingia. Kiti kimesogezwa nyuma, kana kwamba mtu ameinuka sasa hivi. Kompyuta inawaka, hakuna aliyekumbuka kuizima.

Ndani yake anakuta programu ndogo ya marehemu. Kila asubuhi humtumia mkewe ujumbe: "Nimefika salama." Ukuta mpya, uliowashwa Jumatatu, ndio ulioukata.

Mjane anaitwa.

"Kumbe ni wewe uliyemnyamazisha," anasema. "Najua ni mashine, mwanangu. Lakini nilikuwa namjibu. Mfungulie."

"Mama, programu hii ni kuukuu. Mwizi akipitia hapo, picha za wagonjwa wote ziko nje."

"Basi mara moja tu. Nimuage."

Komeo anaandika sheria moja: kompyuta hiyo peke yake, njia hiyo peke yake. Simu inalia ndani ya mkoba wa mjane. Anasoma, kisha anaandika jibu taratibu: "Pumzika sasa, baba watoto."

"Funga," anasema, akijifuta macho.

Komeo anafuta sheria, anakwenda kuchomoa waya wa kompyuta ile. Anaporudi mezani, mstari mwekundu unatokea mara moja zaidi, kutoka chumba kilekile.

"Kesho naiondoa mashine, Mungu akipenda," anasema. "Watu wanapelekwa mbali kupigwa picha, na chumba kipo. Nataka wiki ijayo kiwe na wagonjwa."

Atakwenda kuiondoa saa ngapi?

"Mlinzi akiwa na nafasi. Peke yangu siingii ng'o."